Uso Wangu Tu Ndio Unaofutika

Dada yangu alinipigia simu asubuhi moja, nikiwa nimeinama ndani ya mashine ya mteja, akaniambia nimefutika tena.

"Nani amefutika?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wewe. Baba yupo, mimi nipo, kaka yupo. Wewe huna pua wala macho. Limebaki shati tu."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi, nikakata simu kwa hasira, halafu nikakaa kwenye kiti cha wateja na bisibisi mkononi. Haikuwa mara ya kwanza wala ya pili. Mimi ni fundi wa mashine za ofisi hapa Mbulu mjini, printa na fotokopi, na riziki yangu inatokana na kujua kwa nini kitu kimeharibika. Mteja akinieleza dalili, mara nyingi nina jibu kabla hajamaliza kusema, jambo ambalo wengine huliona ni kiburi. Sasa nyumbani kwa mama yangu mzazi, kwenye karatasi niliyoichapa mwenyewe, kulikuwa na sura nne, na iliyokuwa ikifutika ni moja tu, yangu. Sikuelewa, na mimi kutoelewa kunanifanya niwe mkali hata kwa watu wasio na kosa.

Mama anaishi nje kidogo ya Dongobesh, kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga baba, pamoja na dada aliyerudi nyumbani baada ya mumewe kufariki. Kaka yetu analima shamba la jirani, ukisimama mlangoni unaona moshi wa jikoni kwake. Mimi kitinda mimba ndiye niliyetoka, na hata kutoka kwenyewe ni mpaka Mbulu tu, ila kazi hunizungusha. Wiki hii niko huku milimani, wiki ijayo nimeshuka Hanang na begi la vifaa mgongoni, nyuma ya bodaboda, nikila vumbi.

Mama alianza kusahau kidogo kidogo. Kwanza chumvi kwenye mboga, kisha siku ya kanisa. Halafu akaanza kutusemesha Kidatoga, lugha ya kwao Hirbadaw, kule Hanang, ambayo sisi watoto hatukuijua. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alitaka nyumbani kwake pawe na Kiiraqw na Kiswahili, basi. Mama alipoolewa huku milimani na kubatizwa, mambo ya kwao ya kule kwenye ng'ombe aliyaacha, au sisi ndivyo tulivyodhani. Tulipokuwa wadogo hakutusimulia chochote, nasi hatukuuliza.

Jumapili moja niliingia nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akanijibu kwa heshima zote, akanivutia kiti, akalitazama begi langu. "Karibu fundi. Umekuja kwa ajili ya redio?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Dada hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni la viazi, akanitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa anajua tayari na alikosa namna ya kuniambia.

Nesi mmoja wa zahanati ndiye aliyetushauri tumwekee mama picha za watu wake ukutani, kubwa, zenye maandishi, awe anaziona kila siku. Nikaona kazi hiyo imeniangukia mimi. Ninayo mashine.

Inabidi niieleze hiyo mashine, kwa sababu bila hiyo hakuna kisa. Si printa mnayoijua. Haitumii wino wa maji wala wa unga. Inakula vipande vya nta ngumu vinavyofanana na sabuni ya kipande, cheusi, cha bluu, chekundu na cha njano, kila rangi na umbo lake ili mtu asiingize kwenye tundu lisilo lake. Ukiiwasha inajipasha moto taratibu mpaka inayeyusha nta. Kisha kichwa chake, chenye vitundu usivyoweza kuviona kwa macho, kinanyunyiza nta hiyo juu ya ngoma ya chuma inayozunguka, na karatasi ikipita inabandikwa picha nzima kwa mkupuo. Nta inaganda papo hapo. Ukipitisha kidole juu yake unaihisi imeinuka, inang'aa, na rangi zake ni kali kiasi kwamba watu huniuliza nimechanganya na nini.

Mashine hizi zililetwa na mradi uliokuwa na ofisi moja huku milimani na nyingine Hirbadaw. Mradi ukaisha, wenyewe wakaondoka, na siku hizi hata waliokuwa wakizitengeneza wameacha. Ofisi iliyozirithi zile za huku ilichoshwa nazo ikanipa zote mbili. Moja iko hai. Nyingine imekufa, na iko chini ya meza, naichomoa viungo kumponya mwenzake.

Ina vituko, na nimevizoea. Ikiwa ya moto huruhusiwi kuihamisha hata kutoka meza hii kwenda ile. Nta inamwagika ndani, inaganda mahali isipotakiwa, na hapo umeshaiua. Hiyo ya chini ya meza ndivyo walivyoiua, waliibeba ikiwa inachemka kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja na walitaka ofisi ipendeze. Jambo la pili, haipendi kuzimwa. Kila ikiwaka upya inasafisha kichwa chake kwa kutema wino mzima kwenye trei ya taka, rangi zote zikichanganyika kuwa donge jeusi lisilo na kazi. Mnaujua umeme wetu. Mawingu yakijikusanya tu, mji mzima unachomoa plagi kwa kuogopa radi, na mimi nabaki nikiitazama ile trei na kusema maneno ambayo baba asingeyapenda.

Na picha zake haziwekwi plastiki. Ile mashine ya kufunga plastiki ina moto, na moto unairudisha nta kuwa uji. Niliwahi kumwonya mteja mmoja, akaona namringia, akaenda na picha ya harusi kwenye stationery ya jirani. Alirudi na bwana harusi aliyeungana na keki. Ndiyo maana picha ya mama niliiacha wazi, bila kitu juu yake.

Niliipanga kwa makini. Baba juu, sisi watatu chini yake, na chini ya kila uso nikaandika kwa herufi kubwa: MUME WAKO, BINTI YAKO WA KWANZA, MWANAO WA PILI, KITINDA MIMBA WAKO. Kwa upande wangu nilichagua picha ya zamani kidogo, ya kabla ya mvi, kwa sababu nilipendeza. Tukaibandika ukutani mkabala na kiti cha mama. Mama alijifunzia kusoma kwenye darasa la ubatizo, akasogea, akasoma neno kwa neno huku midomo ikimcheza. Kwangu alikaa muda mrefu.

"Kitinda mimba wangu," akasema. "Yuko wapi?"

"Si huyu hapa, mama," dada akanionyesha kwa kidole.

Mama akanitazama, akacheka kwa adabu, kama unavyocheka mgeni anapotania na wewe hukuusikia utani wenyewe. Kisha akarudi kuitazama picha.

Uso wangu ulipofutika mara ya kwanza nilishuku vitundu. Vikiziba, karatasi inatoka na mistari myembamba myeupe, na mahali hapo wino unakuwa hafifu. Nikaisafisha mashine, nikachapa ukurasa wa kupimia, vitundu vyote vikaonekana vizima. Sikuridhika. Nikachapa picha upya, lakini safari hii nilihama. Nilikuwa chini kulia, nikajiweka chini kushoto, na kule kulia nikamweka kaka. Kama ni mashine, nikawaza, basi sasa atafutika kaka. Nilitamani kwelikweli afutike.

Hakufutika. Alikuwa anatabasamu pale kona ya kulia, na mimi kushoto nilikuwa nimekwisha.

Niliibandua ile karatasi nikarudi nayo Mbulu. Nikaiweka chini ya taa, nikainamisha kichwa, nikaigeuza huku na huku. Pale palipokuwa na uso wangu karatasi ilikuwa inang'aa, tena ilikuwa imepenyeka mpaka unaona kidole chako kwa upande wa pili. Nikapapasa. Mafuta. Nikacheka peke yangu pale karakana, nikajiona mimi ni bingwa. Ndani ya mashine hii kuna rola inayoipaka ngoma mafuta kidogo sana ili picha iachie na kuhamia kwenye karatasi. Rola ikizeeka inatoa mafuta kupita kiasi, na wino ulioketi juu ya mafuta haushiki. Jibu nikawa nimelipata. Swali la kwa nini mafuta yaniandame mimi tu nilijibu kwa kutolifikiria.

Nikaizima mashine, nikasubiri ipoe, nikafungua ile iliyokufa, nikaichomoa rola yake, nikaifuta kwa kitambaa kisichotoa manyoya kama daktari anayeandaa sindano. Nikaibadilisha. Wakati mashine inajipasha moto umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, na kila uliporudi ilitema wino. Kipande chekundu kikabaki kama ukucha. Uso wa mtu mweusi ukitaka utoke vizuri unahitaji wekundu mwingi kuliko watu wanavyofikiri. Nilichapa picha kwa roho juu, ikatoka safi, kavu, nikaipeleka Dongobesh mwenyewe na kuibandika.

Siku hiyo niliona kidole gumba cha mama kina rangi ya kahawia iliyoingia mpaka kwenye mikunjo. Nikadhani ni udongo wa shambani, nikamletea maji anawe. Akanishukuru sana. "Mungu akubariki, fundi," akasema.

Na baada ya hapo ndipo dada aliponipigia ile simu, kwamba limebaki shati.

Jioni nilimpigia tena kuomba radhi kwa kumkatia simu. Tukazungumza haya na yale, kisha akasema, "Sasa si ulisema hiyo nta inakwanguka kwa ukucha?"

"Inakwanguka."

"Labda anakukwangua."

"Kwa nini anikwangue?"

"Mimi nitajuaje? Mimi asubuhi niko kwa ng'ombe na shambani, nikirudi nakuta tayari. Labda hataki kukuona." Akacheka. "Natania."

Lakini neno likishasemwa limesemwa. Nilienda nalo kazini, nikala nalo, nikapanda nalo bodaboda. Mashine ilikuwa nzima, nilikuwa sina pa kujificha tena. Hofu yangu ilikuwa moja tu, nayo nitaisema wazi: kwamba katika kichwa cha mama mimi nilikuwa nimekwisha, na ule ukuta ulikuwa unasema kweli. Wengine wote alikuwa bado anawajua. Dada mama alimwita kwa jina lake, kaka alimgombeza kuhusu mahindi yake. Mimi nilikuwa fundi wa redio. Nilimsikia mtu mzima ndani yangu akisema ni ugonjwa, usiuchukulie kibinafsi, na nikamwona huyo mtu mzima ni mpumbavu.

Dada alishauri tuiwekee picha kioo. Kioo chenye fremu, kilichofungwa kwa misumari, hapo hata akikwangua atakwangua kioo. Nikakubali. Ila kwanza nilihitaji wino mwekundu, na mahali pekee nilipojua umebaki ni kwenye ile ofisi ya zamani ya Hirbadaw, ambayo sasa ni stoo.

Nikashuka Hanang. Kule hewa ni nyingine kabisa, jua linakupiga bila kukuuliza umetoka wapi, na ng'ombe wana haki ya barabara kuliko wewe. Mtunza stoo alinifungulia, akanionyesha boksi lililokaa miaka chini ya bati.

"Fundi, hizi ni sabuni gani?" akauliza. "Mke wangu alifulia moja, shuka langu likawa bluu mpaka leo."

"Si sabuni. Ni wino."

"Wino mgumu hivi?" Akakigonga kipande mezani. "Sasa unaandikaje nao?"

Nikamweleza, akatikisa kichwa, hakuniamini hata kidogo. Joto lilikuwa limevishikanisha vipande vingi kuwa donge moja, lakini vyekundu vichache vilikuwa bado vina umbo, na vingine nikaona naweza kuvitenganisha kwa kisu cha moto. Nilivifunga kwenye gazeti kimoja kimoja. Sidhani kama kuna vingine kati ya Mbulu na Hanang yote.

Kabla ya kupanda nilipita kwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayekaa hapohapo Hirbadaw. Nikamwamkia, akaniuliza habari za huku juu, nikamwambia ile ya kumwambia mtu mzima, kwamba mama hajambo. Akaingia ndani akatoka na kopo la siagi, siagi ya kusukwa kwa kibuyu, yenye harufu ya moshi.

"Mpelekee dada yangu," akasema. "Ile niliyomtumia juzi nasikia imeisha. Anakula siagi huyo!"

Nikalifunga kopo kwa mfuko, nikalitenga mbali na wino. Kwa yaliyonipata na mafuta, sikutaka kuona mafuta.

Nilifika Dongobesh Jumamosi na picha mpya, kioo kilichokatwa Mbulu kwa kipimo, na siagi. Dada alipoliona kopo akashika kiuno.

"Nyingine tena? Humu ndani nani anakula siagi? Mimi sili, na mama namkaangia kwa mafuta ya alizeti. Naiweka kabatini inaisha yenyewe. Nimeshatega panya nimechoka."

Tukaibandika picha. Kioo tukasema tukifunge kesho, maana nyundo ilikuwa kwa kaka na mvua ilishaanza. Ilinyesha ile mvua yetu isiyo na haraka, na barabara ikawa tope ambalo hakuna bodaboda angekubali kulikanyaga, kwa hiyo nililala pale. Mama alinitengea shuka nzito yeye mwenyewe. Alimwuliza dada kama fundi anakunywa maziwa.

Asubuhi dada alienda kukamua. Nikachukua begi langu kwa mazoea ya kazi, nikamwambia mama, "Natoka kidogo."

"Haya fundi, safari njema," akasema akiwa kwenye kiti chake, na akalisindikiza begi kwa macho mpaka nje.

Nilivuka shamba nikampata kaka, nikachukua nyundo, nikarudi. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama ukutani, amenipa mgongo, kopo la siagi kwenye mkono wa kushoto. Alichota kidogo kwa kidole gumba, akaisugua kwenye kiganja mpaka ikalainika, kisha akainua mkono akaipaka picha. Si karatasi yote. Mimi tu. Alianzia kwenye nywele akashuka polepole kwenye paji la uso, na huku akisema maneno ya Kidatoga kwa sauti ya chini, maneno yaliyopangwa, si ya kubuni. Niliiona nta ikilegea chini ya kidole chake. Rangi yangu ilikuwa inatoka inaingia kwenye kidole, na mama akakifuta kwenye khanga, mahali penye doa la kahawia ambalo nilikuwa nimeliona kila nilipokuja.

Nilibaki mlangoni na nyundo yangu. 

"Mama, unafanya nini?"

Akageuka bila kushtuka. "Fundi, umerudi? Umesahau nini?"

"Nyundo," nikasema, ingawa ilikuwa mkononi. "Huyo unampaka nini?"

"Siagi. Huyu ni mwanangu, wa mwisho. Yuko njiani." Alisema kama anamweleza mtu asiye wa kwao, kwa upole. "Kwetu mtu wa njiani anapakwa siagi na mama yake, ndiyo anakwenda salama."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wako nyumbani." Akamwangalia baba pale juu. "Na yule alishakufa. Aliyekufa hana safari."

Nikaingia, nikaketi kwenye kiti chake, jambo ambalo kwa kawaida singelifanya. 

"Lakini huyu mtoto ananitia wasiwasi," mama akaendelea. "Tazama. Kila siku anazidi kufifia. Anakwenda mbali sana. Nampaka, nampaka, na yeye anazidi kwenda mbali. Mpaka nimekuwa nampaka mara nyingi kwa siku, na bado. Wewe ni fundi, unatembea. Unajua kwa nini?"

Nilijua. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze nilikuwa na jibu kamili, lenye nta na mafuta na joto la mkono, na sikuweza kulitoa mdomoni. Mimi nilikuwa nahangaika Mbulu kwa nini nafutika, yeye alikuwa anahangaika hapa kwa swali lilelile, na kila dawa yake ilikuwa ndiyo ugonjwa.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye huyo."

Akanitazama vizuri, akanikagua kweli, sitamsingizia. Akaiangalia picha, mle mlimobaki nusu ya sura ya kijana, akanirudia mimi.

"Wewe ni fundi," akasema taratibu. "Una mvi. Mwanangu ni kijana."

Nililaani ile picha niliyoichagua kwa sababu nilipendeza. Nikaiweka nyundo chini. Sijui kilichonipata, sikuwa nimepanga, nikasikia nasema, "Basi na mimi nipake, mama. Na mimi ni mtu wa njiani."

Akasita. Akalifunika kopo kwa kiganja. "Kwani wewe huna mama?"

"Ninaye."

"Basi atakupaka yeye. Mtu anapakwa na mama yake."

 Nikainamisha kichwa nikaangalia tope la viatu vyangu kwenye sakafu aliyofagia dada. Nilikuwa na umri wa mtu mwenye watoto wa sekondari, na nilikuwa nimekaa kama mtoto aliyeachwa sokoni. Mama akachungulia nje, kule barabarani, akaona tope lilivyo.

"Mama yako yuko mbali?" akauliza.

Alikuwa amesimama hapo, ningenyoosha mkono ningemshika khanga.

"Mbali kidogo," nikasema.

"Haya. Inama."

Nikainama. Akachota siagi, akailainisha kwenye kiganja, akaniwekea kile kidole chake chenye rangi kwenye nywele na kukishusha mpaka katikati ya macho. Kilikuwa cha moto. Akasema yale maneno ya Kidatoga, yote, bila kukosea hata mahali pamoja, yeye ambaye alikuwa anasahau chumvi. Sikuelewa hata neno moja. Alipomaliza akanigonga begani.

"Ukifika kwa mama yako," akasema, "msalimie."

"Zimefika," nikajibu.

Dada alirudi na ndoo ya maziwa akanikuta nje nakifunga kioo kwenye gunia. Akaniuliza kwa nini nakirudisha. Nikamwambia kioo hakihitajiki, na siagi asiifiche tena, aiache mahali mama anapoifikia. Akaniangalia paji la uso, akaingia ndani. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama mbele ya ule ukuta.

Jioni, jua lilipokuwa limekausha njia, nilipata bodaboda wa kunifikisha Mbulu, kioo kwenye gunia katikati yetu, na vumbi lote la barabara likaninata usoni. Pale karakana kulikuwa na mteja ananisubiri na fotokopi yake inayotafuna karatasi. Akanisalimia, akanitazama mara mbili.

"Fundi, una wino usoni," akasema.

"Najua," nikamwambia. Nikafungua gazeti, nikatoa kipande kimoja chekundu, nikakiingiza kwenye tundu lake, nikawasha mashine. Nikatafuta kwenye simu picha ya mwaka huu, yenye mvi, nikakaa kuisubiri mashine ipate moto.